Ile Si UFO, Ni Uvivu Wetu

Wasee, leo nitaudhi watu kadhaa, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Mwaka wa 2024 niliposti klipu ya taa zimejipanga mstari mmoja juu ya Kitengela, zikitembea kimya bila hata mlio. Nikaandika juu yake: "UFO KENYA??? SERIKALI IKO KIMYA." Nikaweka na muziki wa kutisha. Video hiyo ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeposti tangu niache chuo. Wafuasi wakaja, tangazo la duka la simu likaja, nikalipa nyumba ya miezi miwili. Kwa hivyo nikisema kiki za UFO zinalipa, sihadithiwi.

Hapo chini ya video, katikati ya watu wa "tumeisha" na "siku za mwisho hizi", kuna mzee mmoja aliniuliza maswali matatu. Kijana, ilikuwa saa ngapi? Ulikuwa umeangalia upande gani? Zilikuwa juu kiasi gani kutoka pale mbingu inapokutana na ardhi? Nikamjibu kwa kicheko. Akaandika tena, kwa heshima, kwamba yeye ni mtu wa redio na nikimpa saa tu atanisaidia kuangalia kama ni setilaiti za Starlink zilizokuwa zikipita. Nikamblock.

Nilimblock kwa sababu nilijua anaweza kuwa sawa. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, na nimekaa nayo.

Halafu tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ikaanguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Kitu cha upana wa karibu mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500, kimetoka juu mchana kweupe. Susu wangu anaishi Makueni, si mbali sana na huko. Alinipigia simu, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Ni zile taa zako zimeanza kuanguka?"

Alikuwa ameonyeshwa video yangu na watoto wa jirani miezi kadhaa nyuma. Alikuwa ameiweka moyoni. Chuma kilipoanguka, yeye akaunganisha. Siku tatu susu alilala kwa jirani, kwa sababu jirani ana nyumba ya mawe na yake ni ya mabati. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, amebeba blanketi yake jioni, anaogopa kitu nilichotunga mimi ili nilipe rent.

Kwa hivyo msiniambie "ni kontenti tu, relax". Kuna mtu analala kwa jirani kwa sababu ya kontenti yako. Wewe tu hujapigiwa simu bado.

Sasa nataka tuongee kuhusu hao watu wa redio, kwa sababu nimekuja kugundua ndio tulipaswa kuwaiga toka mwanzo. Dunia nzima kuna watu wenye leseni ya redio za ridhaa. Wenyewe hujiita ham. Hawalipwi. Wana antena kwa bustani, wana daftari la kuandika kila wanachosikia, na kila mmoja ana jina lake la hewani. La Kenya huanza na 5Z. Ukiwaona utadhani ni fundi wa TV aliyestaafu. Lakini kuna stori yao moja inafaa kila mtu anayeposti mambo ya angani aisome kabla hajagusa simu.

Februari 2023, Marekani iko na joto la maputo. Tarehe 4 wameangusha puto kubwa la China kwenye pwani ya South Carolina. Kila mtu anaangalia juu. Kisha ndani ya siku tatu, tarehe 10, 11 na 12, ndege zao za kivita zikaangusha vitu vingine vitatu ambavyo hakuna aliyejua ni nini: kimoja Alaska, kimoja Yukon huko Kanada, kimoja juu ya ziwa Huron. Jenerali mmoja akaulizwa na waandishi wa habari kama inaweza kuwa ni viumbe kutoka nje ya dunia, akajibu hajaondoa uwezekano wowote. Unaweza kufikiria mtandao ulivyowaka. Hata hapa kwetu watu walikesha wakiposti.

Wakati huo huo, Illinois, kulikuwa na kikundi kidogo cha watu wa redio kinaitwa Northern Illinois Bottlecap Balloon Brigade. Hobi yao ni kurusha maputo madogo. Na nikisema madogo, fikiria lile puto la kung'aa la sherehe ya mtoto, unalijaza gesi kidogo, unalifunga kidude chepesi chenye paneli ndogo za sola, GPS na waya mwembamba wa antena. Basi. Nguvu ya redio yake ni kidogo kuliko ya tochi ya mulika mwizi. Lakini mawimbi mafupi yana ujanja wake: yanadunda kwenye tabaka la juu la anga na kurudi chini, na mtu aliye maelfu ya kilomita anaweza kuyashika.

Puto linatuma ujumbe mfupi: jina langu ni hili, niko hapa, niko juu kiasi hiki. Yeyote mwenye redio popote duniani akisikia, kompyuta yake inaandika saa na nguvu ya mawimbi na kupeleka mahali pamoja ambapo wote wanaona. Usiku puto hunyamaza kwa sababu ni la sola. Jua likichomoza linaamka na kusema niko hapa tena.

Puto lao moja, lenye jina la hewani K9YO, lilikuwa limerushwa Oktoba 2022 na lilikuwa limeshazunguka dunia mara kadhaa. Tarehe 10 Februari 2023 likasikika karibu na pwani ya magharibi ya Alaska, karibu mita 12,000 juu. Baada ya hapo, kimya.

Hapa ndipo nataka musome polepole. Wale wasee walichukua pointi ya mwisho, wakachukua mfumo wa kukadiria upepo unaotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani, wakapiga hesabu ya wapi puto lingekuwa siku inayofuata. Hesabu ikasema: tarehe 11, juu ya Yukon. Na tarehe 11, juu ya Yukon, kwa karibu urefu ule ule, ndege ya F-22 ilikuwa imepiga kitu kwa kombora. Puto la aina hiyo ni la bei ya nguo za mtumba. Kombora la aina hiyo ni zaidi ya dola 400,000.

Sasa jiulize, ungekuwa wewe ungefanya nini? Una logi, una saa, una ramani, una stori ambayo kila gazeti duniani lingeinunua. Mimi najua ningefanya nini. "PUTO LETU LIMEPIGWA NA JESHI LA MAREKANI", herufi kubwa, sehemu ya kwanza kati ya kumi na mbili, fuata ukurasa huu.

Wao waliandika tu kwamba puto lao halijulikani lilipo. Hawakusema ni letu lililopigwa. Kwa nini? Kwa sababu hawakuwa wameona mabaki. Rais Biden alipotoka tarehe 16 akasema vile vitu vitatu vina uwezekano mkubwa wa kuwa maputo ya kampuni binafsi, ya starehe au ya utafiti. Siku iliyofuata utafutaji wa mabaki huko Yukon ukasimamishwa, hakuna kilichopatikana. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha rasmi. Na wale watu wa redio wameliacha hapo hapo, kwenye "inawezekana sana".

Walikuwa na ushahidi kuliko sisi wote, na wakasema maneno machache kuliko sisi wote. Sisi tukiwa na sekunde kumi na tano za taa zinazotetemeka tunatangaza mwisho wa dunia.

Najua kuna mtu anasema, eh, lakini hawa wanaficha mambo, serikali ziko na siri, wewe umekuwa chawa wa serikali siku hizi? Sawa. Tuseme wewe unataka kufichua siri za wakubwa. Basi nikupe mfano wa watu waliofichua siri kweli.

Uingereza, miaka ya sitini. Kuna mwalimu wa fizikia anaitwa Geoffrey Perry, anafundisha Kettering Grammar School. Yeye, mwalimu mwenzake na wanafunzi wao wana redio ya mawimbi mafupi shuleni, wanasikiliza setilaiti za Urusi ya wakati ule, Umoja wa Kisovieti, zinazopita zikilia karibu na megahezi 20. Hawana darubini ya mamilioni. Wana redio, saa na karatasi. Kila setilaiti ikipita wanaandika: imeanza kusikika saa ngapi, imeisha saa ngapi.

Mwaka wa 1966 wakagundua setilaiti moja, Kosmos 112, inapita vibaya. Njia yake imeinama tofauti na zile zinazorushwa kutoka uwanja unaojulikana wa Baikonur. Wakaendelea kuandika. Ikaja nyingine yenye tabia kama hiyo. Wakachora njia zote mbili kwenye ramani kurudi nyuma mpaka siku za kurushwa, na mistari ikakutana mahali kaskazini mwa Urusi, karibu na mji wa Plesetsk. Watoto wa shule walikuwa wamepata uwanja wa roketi ambao Umoja wa Kisovieti haukuwahi kuutaja hadharani. Wasovieti wenyewe walikuja kuukubali mwaka wa 1983.

Miaka kumi na saba kabla serikali haijakubali, wanafunzi walishatangaza. Hawakufika hapo kwa kupiga kelele. Waliandika saa, tena saa, tena saa. Wewe unayesema serikali inaficha, leta daftari lako tuone. Umeandika nini? Kama huna hata saa ya klipu yako, wewe hupigani na siri ya mtu yeyote. Wewe unamsaidia mwenye siri, kwa sababu kwenye kelele zako hata ukweli ukipita hautaonekana.

Turudi nyumbani.

Ile pete ya Mukuku, wa kwanza kufanya kazi nzuri walikuwa wanakijiji. Waliona, wakaita polisi, eneo likalindwa. Shirika la Anga la Kenya likafika, likaichukua, na tarehe 1 Januari 2025 likatoa taarifa: uchunguzi wa mwanzo unaonyesha ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, kitu ambacho kwa kawaida huungua kikirudi angani au huanguka baharini. Taarifa fupi, ya kueleweka, na imesema wazi kwamba uchunguzi unaendelea.

Sisi tukafanya nini? Wengine wakasema ni bomu. Wengine wakasema ni chombo cha viumbe wa sayari nyingine. Wengine wakashaamua ni ya India na Kenya inadai fidia, mpaka Shirika likalazimika kutoka tena kusema halijasema kitu kama hicho. Nchi za nje, wafuatiliaji wa setilaiti wa hiari walikaa wakilinganisha saa ya kuanguka na orodha ya vipande vya roketi vilivyotarajiwa kurudi duniani siku ile. Hawakukubaliana wote, na hiyo ni sawa, angalau walikuwa wanabishana kwa namba. Walihitaji sana kitu kimoja: saa kamili, na upande kilikotokea. Nani angewapa? Sisi tuliokuwa hapa. Na sisi tulikuwa busy tunaweka muziki wa kutisha.

Hii inaniuma kwa sababu nchi hii si mgeni wa mambo ya angani. Malindi pale, kwenye jukwaa la San Marco baharini, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na ikaitwa Uhuru kwa sababu ya siku yenyewe. Tarehe 15 Aprili 2023 tukapeleka yetu, Taifa-1. Mwaka wa 2020 maputo ya Loon yalikuwa yanaelea karibu kilomita 20 juu ya Kenya yakileta intaneti. Tangu Julai 2023 Starlink inauzwa hapa. Na mambo ndiyo hayo: kuna mtu anaposti treni ya taa za Starlink akiiita UFO, akitumia intaneti ya Starlink. Tumefika hapo.

Kwa wasiojua, zile taa za mstari ni setilaiti zilizorushwa pamoja kwa roketi moja. Siku za kwanza zinakuwa bado zimefuatana karibu karibu. Unaziona baada ya jua kutua au kabla halijachomoza, kwa sababu wewe uko gizani huku chini lakini zenyewe huko juu bado zinapigwa na jua. Ukiona moja moja zinapotea katikati ya anga, hazijaingia "lango", zimeingia kivuli cha dunia. Hiyo siri yote imeisha kwa sentensi nne. Video yangu ilikuwa ya dakika tatu.

Wengine watasema, wewe uliacha chuo, utatufundisha sayansi gani? Ni kweli niliacha, mwaka wa pili, karo iliisha na mimi pia nilikuwa nimeishiwa. Lakini ndiyo maana hawa watu wa redio wamenigusa. Ham ni mtu wa ridhaa. Kwenye lile puto hakuna aliyewauliza digrii. Kule Kettering walikuwa wanafunzi wa sekondari. Mwaka wa 2018 mtu mmoja wa Kanada, Scott Tilley, akitafuta setilaiti nyingine ya siri kwa antena zake za nyumbani, alishika mawimbi ya setilaiti ya NASA inayoitwa IMAGE, ambayo wenyewe walikuwa wameipoteza tangu Desemba 2005. NASA ikakubali ndiyo, ni yetu. Hobi ya mtu imewapatia setilaiti yao.

Wamejengwa na tabia, na tabia haiulizi karo. Andika saa. Andika ulikuwa wapi. Andika upande. Kadiria urefu: mkono ukiwa umenyooka, ngumi moja ni kama digrii kumi. Uliza kama mtu wa mtaa mwingine amekiona na amekiona upande gani, kwa sababu watu wawili mahali tofauti wanaweza kukwambia kitu kiko mbali kiasi gani, mtu mmoja hawezi. Kisha ondoa yanayojulikana kwanza: ndege zinazoshuka JKIA, sayari ya Zuhura, setilaiti, puto, kimondo. Kinachobaki baada ya hapo, hicho ndicho unaweza kuita hakijulikani. Na "hakijulikani" maana yake ni hiyo tu. Haina maana ya "wamekuja".

Mimi sisemi hakuna kitu huko juu. Mimi sijui, na wewe hujui. NASA walikusanya jopo la wataalamu kuhusu haya mambo, ripoti ikatoka Septemba 2023. Walisema hawajapata ushahidi kwamba ni viumbe wa nje, na shida kubwa ni kwamba data ni mbovu. Wakapendekeza hata simu za watu wa kawaida zitumike kukusanya data iliyo bora. Yaani wanatuhitaji. Sisi wenye simu. Sisi tulioko chini ya ikweta ambako vyuma vingi vinapita. Siku kitu cha ajabu kweli kitapita juu ya Kajiado, ni nani atatuamini baada ya uongo wote huu?

Kwa hivyo kwa wenzangu wa kontenti: acheni uvivu. Mnaweza kupata stori kubwa kuliko zenu bila kudanganya mtu. Stori ya puto la sherehe lililoizunguka dunia na pengine likapigwa na F-22 ni tamu kuliko jini lolote mlilotunga, na haina mtu inayemlaza kwa jirani.

Kwa walimu wa shule: klabu ya redio haihitaji maabara mpya. Kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye laptop ni elfu chache za shilingi. Kituo cha anga cha kimataifa kina redio ya ham, na kikipita wakati kinatuma unaweza kukisikia kwenye megahezi 145.800. Mtoto akishasikia sauti ya mtu kutoka huko juu kwa waya aliokata mwenyewe, hamtamuuzia tena stori za jaba. Kurusha mawimbi ndiyo kunahitaji leseni, na inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kama mchakato ni mgumu kwa watoto wa shule, hiyo ndiyo kelele ya kupiga. Hiyo nitapiga na nyinyi.

Na yule mzee, nilimfungulia. Nikaomba msamaha, si kwa umma, kwake. Alijibu baada ya siku mbili: "Sawa kijana. Sasa, ilikuwa saa ngapi?" Nikatafuta faili ya video kwenye simu ya zamani, nikapata saa. Akaangalia, akanitumia njia ya kundi la Starlink lililopita Kitengela dakika ile ile, kutoka upande ule ule.

Video nimeifuta. Najua kuna walioidaunlodi na inazunguka WhatsApp bila jina langu, hiyo siwezi kuirudisha. Kuanzia leo klipu ya angani ikiletwa kwa ukurasa huu bila saa, mahali na upande, haiingii. Hata kama ni kali kiasi gani.

Susu amerudi kulala kwake. Wikendi nilienda ushago, jioni tukakaa nje nikamwonyesha setilaiti ikipita, nikamweleza ni ya nani na inafanya nini. Akaifuata kwa macho mpaka ikaisha. Kisha akaniuliza ni nani huyo anaiwasha taa. Nikamwambia ni jua, susu. Akasema sawa, lakini nimuulize yule mzee kwanza.